Kati ya Serikali na Wenye Malori

Siku ya kuniaga ofisini Buffalo walinikatia keki yenye picha ya lori, na aliyeichora alisahau kuliwekea milango. Nadhani niliona peke yangu. Nikala kimya. Baadaye Eliya, Mrundi tuliyemwajiri karibuni, akaniambia kwamba yeye na wenzake wachache wanaosema Kiswahili katika ofisi kama yetu wangependa niwaandikie jinsi kazi hii ilivyokuwa. Alisema vitabu vya chuo vinaeleza vizuri kwamba serikali na kampuni zinapaswa kupanga pamoja usafirishaji wa mizigo, lakini havisemi nani aanze kuongea wakati watu wamenuniana.

Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu vilikuwa na majina marefu, na hakuna hata kimoja nilichoweza kumweleza mama yangu kwenye simu akaelewa.

Mizigo niliianza Kigoma, nikiwa karani kwenye ghala la stesheni. Shehena ilishushwa kwenye treni, ikakaa ikisubiri meli ya kuvuka ziwa kwenda Kongo na Burundi. Watu wa reli walisema wamemaliza kazi yao. Watu wa meli walisema hawajaanza yao. Gunia lililokuwa katikati halikuwa na mwenyewe, na mwenye duka kule ng'ambo alikuwa akinipigia simu mimi. Nilichukia simu hizo. Sikujua kwamba nitakuja kuajiriwa maisha yangu yote kwa ajili ya gunia la katikati.

Tulihamia Louisville mimi na mume wangu, Baba Neema, kwa bahati nasibu ya viza. Nilipanga vifurushi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, huku nikisoma chuo kidogo kidogo, hadi ofisi ya mipango ya mkoa ikaniita. Ilikuwa ofisi ya umma. Kazi yake ilikuwa kukaa na miji, kaunti na jimbo na kuamua barabara ipi itengenezwe kwanza. Humo kulikuwa na dawati la mizigo, na kwenye dawati hilo alikaa mtu mmoja, Bi Loretta.

Wote walimwita Loretta tu, kama ilivyo desturi yao. Mimi ulimi ulikataa. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na kumwita jina kavu kungekuwa kama kuingia nyumbani kwake bila kubisha hodi. Alikuwa amepangia madereva safari kwenye kampuni ya malori nusu ya maisha yake kabla ya kuhamia serikalini, na wenzake wa zamani walimtazama kama mchezaji aliyehamia timu pinzani. Yeye alisema ndiyo maana serikali ilimchukua.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino. Bi Loretta alivitazama, akaenda kwenye gari lake, akarudi na mabuti makubwa kunizidi, kizibao kinachong'aa na kidude cha kuhesabia cha kubonyeza kwa dole gumba. Alinipeleka kwenye makutano ya barabara karibu na viwanda akaniambia nihesabu malori yanayokata kulia, kisha akakaa garini akala sandwichi. Aliporudi hakuniuliza nimehesabu mangapi. Aliniuliza ni malori gani yaliyopata shida.

Nilimwambia nimeona yale yenye tela refu yakipanda ukingo wa barabara kwa tairi la nyuma, na kwamba zege la ukingo limemegekamegeka, alama nyeusi za matairi zimejaa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kesho yake tulipanda lori na dereva mmoja ili tuone kona ile kutoka kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo sikuwahi kupendekeza kitu chochote kuhusu barabara ambayo sijaipita nikiwa juu ya lori. Nawashauri nanyi mfanye hivyo. Chukueni maji, na mwende chooni kabla hamjapanda.

Kitu kikubwa alichonifundisha ni namna ya kwenda kwenye kampuni. Kulikuwa na kiwanda cha vifaa vya mabomba ambacho hakikujibu barua zetu hata moja. Tulikwenda getini mikono mitupu. Bi Loretta alimwuliza msimamizi wa upakiaji ni kitu gani kinachomkera kila wiki, kisha akanyamaza, na yeye kunyamaza alikujua. Msimamizi alieleza kwamba kibao kimoja cha barabarani kinawapeleka madereva wageni kwenye daraja ambalo lori refu halipiti chini yake, wanakwama na kurudi kinyumenyume. Bi Loretta alirudi mjini, akawaganda watu wa barabara hadi kibao kikahamishwa. Baada ya hapo msimamizi yule ndiye aliyetupigia simu sisi.

"Serikali huomba takwimu kwanza na kuahidi msaada baadaye," aliniambia tukiwa njiani. "Wewe anza na msaada."

Alipostaafu, ofisi kama yetu ya jiji la Columbus, jimbo la Ohio, ilinihitaji, na mimi na Baba Neema tukahamia huko. Tulipata nyumba Clintonville, mtaa wenye miti mingi na majirani wanaozungumzia sana mbwa wao. Kanisani tulikutana na Warundi waliokulia kwenye makambi ya Tanzania, watu wa Kiswahili changu kabisa, wengi wao wakifanya kazi kwenye maghala upande wa kusini wa jiji. Mmoja wao alikuwa Nestori, dereva wa foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, mpole, mwimbaji wa besi kwenye kwaya.

Sasa niwaeleze kuhusu mahali pale. Maghala yalikuwa upande mmoja wa reli na jiji upande wa pili. Barabara iliyoyaunganisha ilikatiza juu ya reli, bila daraja. Mbele kidogo kulikuwa na yadi ya makontena, ambako treni hushusha na malori huja kuchukua. Mara kwa mara treni ndefu ilisimama kabisa, ikaziba barabara, na malori yakageuza yakapitia mitaa ya watu. Kila mtu alilijua jambo hilo. Tulikuwa na kamati ya mizigo iliyokutanisha jiji, kaunti, jimbo, reli na kampuni za maghala, na katika kila kikao jambo hilo lilitajwa, likaandikwa, likaahirishwa. Reli ilisema taa za jiji za kuongozea magari ndizo zinazokusanya malori mahali pamoja. Jiji lilisema tatizo ni treni. Maghala yalisema tatizo ni hao wote wawili. Kahawa ya vikao vile ilikuwa nzuri, nadhani ndiyo sababu watu waliendelea kuja.

Kisha Nestori akaanguka kazini. Moyo. Wenzake walipiga simu, gari la wagonjwa likaja haraka, likafika relini, na treni ilikuwa imesimama. Wahudumu walizunguka njia ya mbali. Walimkuta akiwa hai kwa sababu mwenzake mmoja alikuwa amefundishwa kubonyeza kifua na hakuacha kubonyeza.

Nilikwenda hospitali na kinamama wa kanisa. Mke wake, Mama Yosia, alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika koti la Nestori mapajani. Alitushukuru mmoja mmoja. Aliponifikia mimi akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama Neema, si wewe ndiye unayefanya kazi ya barabara?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ile treni hamuioni?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Jumatatu sikuitisha kikao. Nilivaa mabuti nikaenda yadini kumtafuta Dwayne, msimamizi wa treni pale, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye kwenye kamati alikuwa akikaa karibu na mlango. Nilimwuliza kile alichonifundisha Bi Loretta, kitu gani kinamkera. Alicheka kwanza. Halafu akasema hakuna anayependa treni isimame, treni iliyosimama ni hasara yake yeye. Inasimama kwa sababu yadi imejaa. Yadi imejaa kwa sababu makontena hayaondolewi kwa wakati. Nilimwomba saa ambazo yadi hujaa na saa ambazo treni husubiri nje. Akakataa. Alisema akinipa leo, kesho washindani watakuwa nazo.

Nilipata jibu hilohilo kwa Marcia, meneja wa ghala kubwa kuliko yote, lile alilokuwa akifanya kazi Nestori. Wanasheria wake hawakutaka kampuni nyingine ijue malori yake yanatoka saa ngapi. Sikuwalaumu. Ukijua malori ya mtu yanatoka lini, umejua biashara yake.

Hapa ndipo kazi ya ofisi ya umma inapokuwa na maana, na naomba mnisikilize vizuri. Sisi hatuuzi chochote. Hatushindani na mtu. Kwa hiyo tunaweza kushika siri za watu wanaoshindana, mradi waamini kwamba tutazishika. Nilikaa na mwanasheria wetu, kijana mwenye subira, tukaandika makubaliano: kila kampuni itanipa takwimu zake mimi peke yangu, mwenzake hataziona, na kitakachotoka mezani kwangu kitakuwa picha moja isiyo na jina la mtu. Ilichukua miezi ya kuandika na kuandika tena. Wakati huohuo nilianza na msaada: nililibana jiji likarekebisha taa moja mbele ya geti la Dwayne, na nikapata kituo cha basi kisogezwe karibu na ghala la Marcia, maana wafanyakazi wake walikuwa wakitembea kwenye theluji pembeni ya malori. Dwayne alitia saini kwanza. Marcia akafuata, siku aliyotoka kumtembelea Nestori nyumbani kwake. Nestori alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo na kumdai mke wake ugali.

Nilipozipata takwimu zote sikutumia kompyuta kwanza. Nilichora saa za treni kwenye karatasi inayopitisha mwanga, saa za malori kwenye nyingine, saa za taa na foleni kwenye ya tatu. Nikazipandanisha kwenye kioo cha dirisha. Nilitazama, nikaenda kuchukua chai, nikarudi nikatazama tena. Kisha, kwa kuwa karatasi hazikuwa na jina la kampuni yoyote, nikamwita kila aliyekuwa ofisini aje aone, ili nijue kama ni macho yangu tu.

Kwenye kikao kilichofuata niliweka karatasi moja mbele ya kila mtu. Sikutoa hotuba. Niliwaomba waifuate kwa kidole kuanzia asubuhi. Dwayne alifuata kwa kidole hadi mwisho, akarudi mwanzo, akafuata tena. Hatimaye akavua kofia.

"Treni yangu inasimama kwa sababu malori hayaji kuchukua makontena," alisema. "Na malori hayaji kwa sababu treni yangu imesimama barabarani."

Marcia alianza kucheka, na kicheko kile kikazunguka meza nzima hadi kwa mtu wa jimbo, ambaye sikuwahi kumwona akicheka. Miaka yote walikuwa wamegombana kuhusu nani alianza, na kumbe walikuwa wamefungana kwenye duara moja. Siku hiyo Dwayne alikaa katikati ya meza. Hakuna aliyemwambia ahame mlangoni.

Walipoanza kupanga, nilikuwa naandika tu, mkono ukiniuma. Maghala yaligawana saa za kuchukua makontena badala ya wote kuja asubuhi. Reli ikakubali treni inayosubiri isimame nyuma zaidi, mahali pasipo na barabara. Yadi ikafungua geti la pili. Jiji likapanga taa upya. Haya yote hayakuhitaji zege hata ndoo moja, na yalifanya barabara ile ipumue. Lakini Mama Yosia aliuliza kuhusu treni, na treni bado ilikuwa inapita. Tulihitaji daraja.

Daraja la juu ya reli lilihitaji fedha za jimbo na za kaunti, na lilihitaji ardhi. Mguu wake mmoja ungetua kwenye maegesho ya ghala la Marcia. Wakubwa wa kampuni yake walikuja kutoka jimbo jingine, wamevaa makoti membamba mno kwa baridi ya Ohio, na wakasema wataitoa kwa bei ambayo ingeua mradi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ramani na hesabu. Marcia akaniomba nimwachie yeye. Aliwapeleka nje hadi pale Nestori alipoangukia, akawaeleza gari la wagonjwa lilikuwa wapi wakati ule, akaonyesha kwa mkono. Kisha akawauliza ni nani kati yao atakayekuja kuwaambia wafanyakazi wa zamu ya asubuhi kwamba maegesho ni muhimu zaidi. Wakubwa walikwenda kula, wakarudi wakakubali kuitoa bure.

Siku daraja lilipofunguliwa wakubwa wa serikali walikata utepe, na hotuba zilikuwa ndefu. Kwaya yetu iliimba. Nestori alisimama na fimbo yake mstari wa nyuma, akaimba besi. Chini yetu treni ikapita, ndefu, bila kumzuia mtu, na dereva wake akapiga honi. Mama Yosia alinishika mkono akaniambia sasa ameona kwamba tunaiona. Sijapewa tuzo nyingine iliyonifaa kama hiyo.

Buffalo nilikwenda nikiwa mtu mzima, nikidhani naenda kupumzika karibu na Neema, aliyeolewa huko. Wajukuu wangu nawasemesha Kiswahili nao wananijibu Kiingereza, na tunaelewana vizuri tu. Ofisi ya mkoa ikanipigia simu kabla sijamaliza kufungua masanduku. Mpaka wa Kanada uko pale mtoni, na malori yanayovuka yalikuwa yakiegeshwa kwenye mitaa ya West Side, kati ya nyumba za zamani za mbao wanazokaa wakimbizi wengi, injini zikinguruma kwa saa nyingi.

Nilikwenda kwa Mama Furaha, mama wa Uvira aliyekuwa amewapigia simu jiji hadi wakalijua jina lake. Alinikaribisha jikoni. Vikombe vilikuwa vikigongana rafuni vyenyewe.

"Mama, bon, unasikia mwenyewe," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao, ambamo malori huitwa macamion. "Hizi macamion zinakuya kila asubui mbele jua haiyatoka. Nyumba inatetemeka. Na uyu mutoto wangu wa mwisho anakosa pumuzi, donc kila mara tuko ku hôpital."

Jiji lilikuwa limeshaweka vibao vya kukataza malori. Malori yalihamia mtaa wa pili, kisha vibao vikafuata, kisha malori yakarudi. Hakuna aliyekuwa amewauliza madereva. Nilivaa mabuti, nikagonga kwenye mlango wa lori moja hadi jingine. Wengine walidhani ni polisi. Dereva mmoja, Jean-Bosco, Mkongomani naye, aliposikia Kiswahili alishuka kabisa akaniamkia. Alieleza kwamba wakishavuka mpaka mapema, kiwanda hakiwafungulii hadi saa yao ifike. Ukichelewa unafutwa, kwa hiyo kila mtu anawahi.

"Na kwa nini mtaa huu?" nilimwuliza.

Akaonyesha duka dogo la kona. "Ule tu ndiye anatuachia choo, Mama. Fasi ingine yote wanatufukuza."

Choo. Tulikuwa na ramani nzuri, za rangi, na hakuna hata moja iliyokuwa na choo.

Baada ya hapo nilijua njia. Nilikwenda viwandani kwanza na jambo dogo: mfumo wa simu wa kumjulisha dereva geti likiwa tayari. Nikashika siri zao za saa kama nilivyoshika za Columbus. Nikawaketisha pamoja viwanda, wenye malori, watu wa forodha na jiji, na safari hii Mama Furaha alikaa nao mezani, na mimi nikitafsiri. Mwakilishi wa wenye malori alianza kwa kusema mtaa wa umma ni wa kila mtu. Mama Furaha alimjibu kwamba ni kweli, na kwamba basi na yeye, Mama Furaha, anaweza kwenda kuegesha chini ya dirisha la bwana huyo. Nilitafsiri neno kwa neno. Yule bwana alitabasamu, na kuanzia hapo walizungumza.

Jiji lilikuwa na kiwanja cha kiwanda kilichobomolewa, mbali na nyumba. Wakakitoa. Viwanda vikakubali kukiendesha, kwa kuwa sasa wangejua lori lao liko wapi. Wenye malori wakakubali kukitumia. Mimi nilisimamia mambo mawili bila kulegea: vyoo vyenye joto, na umeme wa kuunganisha kila lori, ili dereva apate joto akiwa amezima injini. Mkandarasi alitaka kuanza na lami na vyoo vije baadaye. Nilimwambia tutaanza na vyoo. Aliniona mzee wa ajabu, lakini alivijenga.

Tulifungua kiwanja katikati ya baridi kali, bila utepe, maana utepe ulikuwa umegandana na theluji. Asubuhi ya pili, kabla sijanywa chai, simu ikalia. Alikuwa Mama Furaha, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Mama, kuko nini? Tangu nimeamuka sijasikia camion hata moja. Kuko grève?"

Nikamwambia hakuna mgomo. Malori yamevuka kama kawaida, yako kule kiwanjani, yamezima injini, na madereva wamelala.

Kwenye simu sikusikia ngurumo wala kikombe kugongana, ila saa ya ukutani kwake.

"Bon," akasema. "Basi acha na miye nirudie kulala."